Ufa Una Wakati Wake: Funzo la Bakuli la Mti kwa Shule Zetu

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii imetumika mno katika insha za wanafunzi wetu, katika hotuba za wakuu wa shule siku ya kufunga muhula, na hata katika majukwaa ya wanasiasa, hivi kwamba ni nadra kumpata mtoto wa shule nchini Kenya asiyeweza kuikamilisha pindi asikiapo nusu yake ya kwanza. Hata hivyo, methali hiyo ikipelekwa kwa fundi wa mbao haipokewi kijuujuu. Fundi atataka kwanza kuuliza maswali matatu: Je, ni ufa wa namna gani? Umetokea upande upi wa mti? Na mti wenyewe umekauka kiasi gani? Kwa maana mtu wa mbao anajua jambo ambalo mwashi wa ukuta huenda asilitilie maanani: kwamba ufa uliozibwa mapema mno hufunguka tena kando ya kiraka chake, na ufa uliozibwa kwa kuchelewa huvunja chombo mbele ya macho ya mwenye kukiunda.

Ni juu ya jambo hilo ndipo ninapopenda kuzungumza na walimu na wanafunzi katika safu hii. Hoja yangu ni nyepesi kuitamka ingawa si nyepesi kuitekeleza: bakuli la mti linalopasuka likiwa lingali katika mashine ya kukerezea ni mojawapo ya masomo bora ambayo kijana aweza kuyapata, na shule zetu zina mazoea ya kulitupa somo hilo jaani pamoja na bakuli lenyewe.

Aliyetembea katika soko la Kibuye mjini Kisumu anafahamu jinsi mafundi wa jua kali walivyopanga samani zao kando ya barabara: vitanda, makochi, meza na kabati, vyote vikinukia vanishi mbichi. Mashine ya kukerezea, ile inayozungusha kipande cha mti huku fundi akikikata kwa patasi, hutumika hasa kutengenezea miguu ya viti na nguzo za vitanda. Lakini mashine iyo hiyo yaweza kukereza bakuli, na miti ifaayo haiko mbali: mwembe uliozeeka uani, jakaranda iliyoangushwa na upepo, mgrivea uliopandwa mpakani mwa shamba, au kipande cha mvule kilichosalia baada ya kazi kubwa zaidi. Babu zetu walichonga bakuli kwa tezo. Kijana wa leo aweza kulikereza kwa dakika chache. Tatizo ni kwamba mashine imeongeza kasi ya mkono wa fundi bila kuongeza kasi ya mti kukauka. Hapo ndipo ufa unapozaliwa.

Tuanze basi na asili ya ufa wenyewe, kwa kuwa hakuna tabibu atibuye asilolijua. Mti mbichi hubeba maji ya namna mbili. Yako maji yaliyojaa katika matundu ya nyuzi zake, na yako maji yaliyonywewa na kuta za nyuzi hizo. Mti unapokauka, maji ya matundu hutoka kwanza, na katika hatua hiyo mti hupungua uzito lakini haupungui umbo. Kiasi cha maji kinapokaribia asilimia 30 ya uzito wa mti mkavu, maji ya kuta nayo huanza kutoka. Ni kuanzia hapo ndipo mti hunywea.

Lau ungenywea sawasawa kila upande, nyufa zingekuwa chache. Lakini sivyo ulivyoumbwa. Kwa urefu wake mti haupungui kwa kiasi cha kuonekana. Kutoka kiini kwenda ganda, aina nyingi za miti hupungua kwa asilimia tatu hadi tano. Kufuata mzunguko wa pete zake, hupungua kwa karibu maradufu ya kiasi hicho. Pande mbili za kipande kimoja basi huvutana, na palipo dhaifu hupasuka. Isitoshe, maji hutoka kwa haraka zaidi mara nyingi kupitia ncha za gogo, mahali nyuzi zilipokatwa, kuliko kupitia ubavuni. Ndiyo sababu gogo lililoachwa juani hupasuka miale miale kwenye ncha zake, na ndiyo sababu fundi mwenye busara hupaka ncha hizo nta au rangi nzito siku ile ile mti ulipokatwa. Hupasua gogo katikati pia, akakiondoa kiini, kwa kuwa kiini kilichoachwa katika kitako cha bakuli ni ahadi ya ufa.

Msomaji aliyelelewa kando ya ziwa hahitaji kwenda mbali ili aushuhudie ukweli huu. Atazame mashua za mbao zilizovutwa nchi kavu katika ufuo wa Dunga, au Mbita, au Usenge. Mashua iliyokaa juani kwa muda mrefu hufunguka maungio yake, na ikirudishwa ziwani huvuja kwa muda mpaka mbao zake zinywe maji, zivimbe na kubanana tena. Mashua huponywa na maji; bakuli huumizwa na kuondoka kwa maji. Sheria ni ile ile moja, ila inasomwa kutoka pande mbili.

Na tukiwa bado ufuoni, tukumbuke kwamba utengenezaji wa ufa kwa njia iliyo wazi si jambo geni katika sehemu zetu. Mitumbwi mikubwa ya Sese, iliyokuwa fahari ya ufalme wa Buganda wakati Henry Morton Stanley alipolizunguka ziwa hili mwaka 1875, haikupigwa misumari. Mbao zake zilishonwa kwa nyuzi za mimea. Huko pwani nako, katika visiwa vya Lamu, mtepe ulishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi. Kibuyu kilichopasuka hakikutupwa katika jamii nyingi za Afrika Mashariki: kilitobolewa matundu madogo kandokando ya ufa, kikashonwa kama nguo, kikarudi kazini na kovu lake likionekana na kila mtu. Hakuna aliyeona haya kunywea katika kibuyu kilichoshonwa. Kovu lilikuwa ushahidi kwamba chombo kile kilithaminiwa kiasi cha kumfanya mtu aketi chini akishone.

Sasa turejee kwenye mashine. Tuseme mwanafunzi anakereza bakuli lenye upana wa sentimita 30. Patasi imeshaondoa ganda, umbo limeanza kujitokeza, na ghafla anaona mstari mwembamba mweusi karibu na mdomo wa bakuli. Afanyeje?

Jambo la kwanza ni kuizima mashine. Hili si suala la ustadi bali la uhai. Walimu wa hisabati waweza kulifanya kuwa zoezi la darasani: mzingo wa bakuli hilo ni takriban sentimita 94. Mashine ikizunguka mara 1,000 kwa dakika, mdomo wa bakuli husafiri mita 942 kwa kila dakika, yaani zaidi ya kilomita 56 kwa saa. Kipande kinachobanduka huruka kwa kasi ya gari. Walimu wa fizikia nao wataongeza kwamba kasi ya mzunguko ikiongezwa maradufu, nguvu inayovuta ubavu wa bakuli kwenda nje haiongezeki mara mbili bali mara nne. Kwa hiyo anayesema "nitaongeza kasi kidogo nimalize upesi kabla ufa haujakua" anaukuza ufa huo kwa mkono wake mwenyewe. Kinga ya uso mzima, wala si miwani pekee, ni sehemu ya kazi yenyewe.

Jambo la pili ni kuuchunguza ufa. Bakuli lizima likigongwa kwa kifundo cha kidole hutoa mlio wa wazi. Lililopasuka hutoa sauti iliyokufa. Ufa usioonekana vizuri hufichuliwa kwa kupaka spiriti: uso wa mti hukauka mapema, lakini ndani ya ufa unyevu hubaki na kuchora mstari. Hapo ndipo uamuzi hufanywa. Ufa mfupi usiopenya hadi upande wa pili waweza kutengenezwa na kazi ikaendelea. Ufa unaopenya ubavu na kuukata mdomo wa bakuli ni lazima utengenezwe kabla patasi haijagusa tena. Ufa unaofuata mzunguko wa pete, au unaotoka mdomoni hadi kitakoni, wasema kwamba bakuli hilo halipaswi kurudi mashineni. Kujua lini uache ni sehemu ya ufundi kama ilivyo kujua lini uendelee.

Jambo la tatu ni matengenezo yenyewe. Vumbi lililojaa ndani ya ufa hutolewa kwa sindano au waya mwembamba, kwa sababu gundi iliyomwagwa juu ya vumbi hushika vumbi wala haishiki mti. Kisha hutiwa gundi nyepesi ishikayo upesi, ile ambayo wengi huiita supagluu, ili ipenye hadi kwenye ncha ya ufa, mahali ambapo jicho halifiki. Kemikali yake haikubuniwa kwa ajili ya mbao. Mmarekani Harry Coover wa kampuni ya Kodak alikutana nayo mara ya kwanza mwaka 1942 katika utafiti wa wakati wa vita, akaipuuza kwa sababu ilinata kila mahali, na gundi hiyo haikuingia madukani hadi mwaka 1958. Itumiwe penye hewa ya kutosha, na isipanguswe kwa kitambaa cha pamba wala kwa nyuzi za pamba, kwa kuwa ikikutana na pamba hupata joto kali la ghafla liwezalo kuunguza mkono.

Ufa mpana zaidi hauzibwi na gundi pekee, unahitaji kijazio. Hapa ndipo tabia ya fundi hudhihirika. Wengi hukimbilia unga wa mbao wa mti ule ule, wakidhani kwamba utafanana na bakuli na ufa usionekane. Kwa kawaida matokeo huwa kinyume: unga huo ukichanganyika na gundi huwa mweusi kuliko mti, na kiraka kilichokusudiwa kujificha hujitangaza kama doa. Ni afadhali kuchagua tangu mwanzo kijazio kisichojificha. Kahawa iliyosagwa hutoa mstari mweusi ulio safi. Jiwe laini la Kisii, lichongwalo Tabaka, husagika kirahisi, na unga wake mweupe au wa waridi waweza kuchora mshipa mzuri katika mti wa rangi ya kahawia. Ila anayelisaga na afunike pua na mdomo, au alisage likiwa limeloweshwa maji, kwa kuwa vumbi lake si rafiki wa mapafu. Kijazio hushindiliwa, hutiwa gundi tena, huachwa kikauke kabisa, ndipo patasi iliyonolewa upya na hatimaye msasa hupitishwa juu yake. Bakuli lililokusudiwa kutiwa chakula liwe na gundi ambayo maelezo yake yanaruhusu matumizi hayo. Likikosa, na liwe pambo la mezani.

Lakini jambo la nne ndilo kubwa kuliko yote, nalo ni wakati. Mwanafunzi aweza kufuata hatua zote nilizozitaja, akaziba ufa kwa ustadi, na baada ya majuma matatu akakuta ufa mpya umefunguka nusu sentimita kando ya ule wa kwanza. Kosa halikuwa katika gundi. Mti ulikuwa haujamaliza kunywea. Bakuli la sentimita 30 lililokerezwa likiwa bichi laweza kupungua sentimita moja na nusu kwa upande unaokata nyuzi, ilhali upande unaofuata nyuzi haupungui, likageuka kuwa na umbo la yai. Dawa yake inajulikana: bakuli hukerezwa mara mbili. Mara ya kwanza huachwa na ubavu mnene, takriban sehemu moja ya kumi ya upana wake, yaani sentimita tatu kwa bakuli tunalolizungumzia. Kisha hufungwa katika karatasi au mfuko wa gunia, huwekwa kivulini mbali na upepo, na huachwa kwa miezi kadhaa. Nyufa ndogo zitakazojitokeza katika kipindi hicho ndizo zinazostahili kuzibwa, kwa kuwa mti umekwisha kusema neno lake. Baada ya hapo hukerezwa mara ya pili hadi umbo lake la mwisho.

Utajuaje kwamba mti umetulia? Kwa mizani ya jikoni. Bakuli hupimwa kila juma na uzito wake huandikwa daftarini. Mstari wa grafu utashuka kwa kasi, kisha polepole, kisha utanyooka. Mfano rahisi: kipande ambacho kikikauka kabisa kina gramu 300, kikiwa na gramu 390 kina maji ya asilimia 30, nacho ndipo kinapoanza kunywea. Kikikaa hewani kivulini chaweza kutulia karibu na asilimia 12 hadi 15, yaani kati ya gramu 336 na 345, kutegemea unyevu wa mahali. Fikiri, mwalimu mpenzi, ni masomo mangapi yaliyomo katika kipande hicho kimoja cha mwembe: asilimia, grafu, biolojia ya mimea, fizikia ya mzunguko, historia ya vyombo vya ziwa, na maadili ya soko.

Naam, maadili ya soko. Kuna fundi aliyeziba ufa kwa unga wa mbao, akapaka vanishi nzito juu yake, akauza bakuli likiwa halijakauka. Mteja akifika nyumbani, juma la pili bakuli linafumuka. Amepoteza fedha zake, na fundi amempoteza mteja na jirani za mteja. Hebu tumfikirie mwingine. Mteja anamwambia, "Fundi, mbona bakuli hili lina kovu?" Naye anajibu, "Ndiyo mama, lilipasuka lilipokuwa likikauka, nami nikaliziba kwa unga wa jiwe la Kisii. Tafadhali ligonge, usikie mlio wake." Huyu wa pili hauzi bakuli tu, anauza neno lake. Kiraka kilichofichwa ni uongo wenye tarehe ya kufichuka.

Sasa nije katika jambo linalonikereketa. Mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulipoanzishwa nchini mwaka 1985, ahadi yake kuu ilikuwa kumpa mtoto ujuzi wa mikono. Wazazi walichanga fedha za kujenga karakana. Nyingi kati yake zilikosa vifaa na walimu waliofunzwa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 masomo ya ufundi yaliondolewa katika mtihani wa kumaliza shule ya msingi, na mengi ya majengo hayo yakageuzwa madarasa au maghala. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, umeirudisha ahadi ile ile kwa jina jipya. Mtihani wa mwisho wa KCPE ulifanywa mwaka 2023, na wanafunzi wa kwanza wa mtaala huu wakaingia Gredi ya 10 Januari 2026. Kazi za mradi zimekuwa sehemu ya tathmini. Haya ni mambo mema.

Ila naogopa jambo moja. Tukiendelea kumpa mwanafunzi alama kwa kukitazama tu kile alichokileta mezani, tutamfundisha kuficha. Mwenye bakuli lililopasuka atafanya mojawapo ya mambo mawili: atalitupa na kununua jingine Kibuye, au atalipaka vanishi na kuomba Mungu mwalimu asiligonge. Katika hali zote mbili hajajifunza ufundi, amejifunza hila. Na hila hiyo haitaishia katika karakana. Ataipeleka katika hesabu za ofisi, katika daraja atakalolijenga, katika ripoti atakayoiandika.

Ninapendekeza basi kwamba katika kazi za mbao, na katika kila kazi ya mikono, sehemu ya alama itengwe kwa ajili ya matengenezo. Mwanafunzi aandike katika daftari lake: ufa ulionekana tarehe gani, mti ulikuwa na uzito gani, alidhani chanzo ni nini, alifanya nini, na baada ya mwezi hali ilikuwaje. Aliyeamua kuliacha bakuli kwa sababu ya usalama, na akaeleza kwa nini, naye apate alama zake.

Watakuwepo watakaopinga, wakisema kwamba kufanya hivyo ni kutuza uzembe. Hoja hiyo ina uzito na yafaa ijibiwe. Kuna ufa uletwao na uzembe: gogo lililoachwa juani, kiini kisichoondolewa, patasi butu iliyosukumwa kwa nguvu. Na kuna ufa ulio katika asili ya mti, ambao hata fundi wa miaka 40 hukutana nao. Daftari ndilo litakalompambanulia mwalimu huu na ule. Bakuli lisilo na kovu, kwa upande wake, halimwambii lolote: yamkini mwanafunzi ni hodari, yamkini alibahatika kupata mti mtulivu, au yamkini hakulikereza yeye.

Watasema pia kwamba shule nyingi hazina mashine wala umeme wa kuaminika. Ni kweli. Lakini somo hili halihitaji mashine ili lianze. Linahitaji kipande cha mti mbichi, mizani, daftari na subira. Tezo na patasi zaweza kufanya yaliyobaki, na mafundi wa Kibuye na waunda mashua wa Dunga, ambao wengi wao hawajawahi kualikwa darasani, wangeweza kuwa walimu wa siku moja kwa nauli ya matatu na shukrani.

Methali yetu na idumu, lakini tuifundishe kwa ukamilifu wake. Kuziba ufa ni wajibu. Kuuziba kwa wakati wake ni elimu. Na kuuziba pasipo kuuficha ni uungwana. Shule itakayomtoa kijana mwenye sifa hizo tatu itakuwa imetimiza wajibu wake, hata kama bakuli alilolileta siku ya tathmini lilikuwa na mstari mweupe wa jiwe la Kisii ubavuni.